Maswali ya wasomaji: Usukani mezani, vumbi la Naivasha

Kila Safari Rally ikipita Naivasha, barua za safu hii hubadilika harufu. Wanaouliza kuhusu simu na runinga hunyamaza kidogo, na wenye usukani wa mezani, pedi za mchezo na kumbukumbu za Datsun huanza kuandika. Tumechagua sita.

Mjukuu wangu ana mchezo wa rali wenye Kenya ndani yake. Mkondo mmoja unakwisha kabla chai haijapoa! Sisi tulikesha kando ya barabara tukisubiri magari yapite usiku na matope. Je, huo nao ni Safari? Hakuna mchezo wenye ule wa zamani?
Msomaji mkongwe, Moshi

Shikamoo mzee wetu. Mchezo haukudanganyi. Rali yenyewe ndiyo iliyofupishwa. Ilipoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara hazikufungwa. Dereva alikimbizana na muda kutoka kituo hadi kituo huku akikutana na lori, basi na ng'ombe wa watu. Colin McRae alishinda mwaka 2002 akiwa ameendesha kwa kasi ya mashindano karibu saa nane nzima. Rali iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier alishinda kwa saa tatu na dakika 18, kwenye mikondo, yaani vipande vya barabara vilivyofungwa kwa mashindano. Kwa hiyo mkondo mfupi anaoucheza mjukuu unafanana na Safari ya leo, si ile mliyokesha mkiisubiri.

Mchezo wenye mtindo wa zamani kamili, yaani barabara wazi na vituo vya muda, haupo katika ile mikubwa inayojulikana. Ila inawezekana kuukaribia. EA Sports WRC, uliotoka mwaka 2023, una Kenya na una magari ya zamani. Mwambie mjukuu aunde rali yake mwenyewe: mikondo mirefu sita au zaidi mfululizo, uharibifu wa gari uwe mkali kabisa, gereji iwe moja tu katikati, na kitufe cha kuanza upya asikiguse. Gari achague Ford Escort Mk2, ndugu wa lile alilotumia Björn Waldegård kushinda mwaka 1977, au Opel Ascona 400, aina aliyoshinda nayo Ari Vatanen mwaka 1983. Atakapofika mkondo wa nne radieta inavuja na usukani unavuta kushoto, ataelewa kwa nini mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu, na kwa nini mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake.

Lancia Stratos itamvutia kwa sura. Aicheze, lakini ajue kwamba haikuwahi kushinda Safari. Mwaka 1975 ilipigwa na Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari ambalo wengi walilijua kwa kubeba abiria.

Kama bado ana PlayStation ya kwanza kabatini, Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000 una Kenya pia. Picha zake leo ni za kuchekesha, ila vumbi wamelipatia.

Natumia pedi ya kawaida, sina usukani. Kwenye lami naenda vizuri, nikigusa vumbi tu gari linageuka mkia mbele. Nimepunguza kasi bado linageuka. Tatizo ni pedi au ni mimi?
Msomaji, Nakuru

Nusu kwa nusu. Tuanze na pedi, maana ndiyo rahisi. Kijiti cha pedi husafiri sentimita chache tu, na ndani ya hizo chache mchezo unabana mzunguko wote wa usukani. Ukikisukuma kidogo, magurudumu yamekata sana. Ingia kwenye mipangilio ya juu ya kidhibiti, utafute kipengele kinacholegeza usukani pale katikati ya kijiti. Kipandishe hatua moja, jaribu mkondo huohuo, kisha hatua nyingine. Ukizidisha, gari litakuwa zito katikati kisha lirukie kona ghafla mwishoni, nalo ni baya vilevile. Sehemu mfu ya kijiti, yaani mjongeo wa mwanzo ambao mchezo huupuuza, iweke sifuri, halafu uiongeze tu kama gari linajiendea lenyewe hujagusa kitu, dalili kwamba kijiti kimechakaa.

Sasa wewe. Karibu kila anayezunguka kwenye vumbi anakanyaga breki akiwa tayari amekata usukani. Ukifunga breki uzito wa gari hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na kwa kuwa pua imeshageuzwa, mkia hauna cha kuushika. Kwenye lami tairi inaweza kukusamehe. Kwenye changarawe haina huruma. Funga breki gari likiwa limenyooka, mapema kuliko unavyodhani, kisha uachie polepole huku unaanza kukata. Ule uzito uliobaki mbele ndio utakaoingiza pua kwenye kona.

Kupunguza kasi hakukusaidii kwa sababu ya namna unavyopunguza. Kuachia mafuta ghafla katikati ya kona ni sawa na kugusa breki. Ukiwa na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele na mkia ukaanza kutoka, ongeza mafuta kidogo, litajivuta lenyewe. Likiwa la kusukumwa na ya nyuma, legeza mafuta taratibu na ugeuze usukani kule mkia unakoelekea, ila urudishe mapema. Wengi hawaangushwi na mteleza wa kwanza bali na wa pili, wa upande wa pili, kwa kuchelewa kurudisha.

Breki ya mkono ni ya kona za kujikunja tu: mguso mfupi chini ya sekunde moja, mafuta yakiwa yameachiwa, kisha mafuta tena mara pua inapoona njia. Anayeivuta kila kona anapoteza muda kwa mbwembwe.

Anza na gari la Rally4, daraja la magari madogo. Halina nguvu za kukuficha makosa wala za kukuua. Acha msaada wa kuzuia breki kufunga kwa wiki ya kwanza, kisha uuzime. Kwenye changarawe iliyolegea gurudumu lililofunga hukusanya kokoto mbele yake na mara nyingine gari husimama mapema zaidi, ila halikati kona, kwa hiyo lazima mguu ujifunze kubana na kulegeza. Na hamisha kamera iwe juu ya boneti au ndani. Ile ya nyuma ya gari inapendeza kutazama, lakini inachelewesha kuona mkia unapoanza kutoka.

Mwelekezi kwenye mchezo anaongea haraka mno. Nimemzima, naangalia mishale tu. Kuna ubaya?
Msomaji, Muscat

Upo. Mshale unakuambia kona iko wapi ukiwa umeshafika. Noti, yaani maelezo ya barabara anayokusomea mwelekezi aliyekaa kando ya dereva, zinakuambia unapaswa kuwa umefanya nini kabla hujaiona. Kwenye EA Sports WRC na michezo mingi ya siku hizi kona zimepewa namba 1 hadi 6: 6 ni kona inayopitwa karibu bila kuachia mafuta, 1 ni kali, na kali zaidi ya hapo ni kona ya kujikunja. Namba inaeleza umbo la kona, si gia, ingawa kwa bahati hukaribiana. Usishangae ukisikia madereva halisi wanaozihesabu kinyume, 1 ikiwa ndiyo ya kasi. Richard Burns Rally wa mwaka 2004 wenyewe hutumia maneno badala ya namba.

Namba inayofuata baada ya kona ni umbali kwa mita. Kwa hiyo noti ya "kushoto 5 juu ya kilele, 80, kulia 3 inabana, usikate" inasomeka hivi: kona nyepesi ya kushoto, katikati yake barabara inapanda na kushuka upande usiouona, mita 80 za kunyooka, ambazo gari litakuwa jepesi mwanzoni mwake, kwa hiyo breki ifungwe baada ya magurudumu kutua, kisha kulia ambayo mwisho wake ni mkali kuliko mwanzo, na ndani yake kuna jiwe au shimo. Neno muhimu hapo ni "inabana". Namba ukiisahau utayumba. "Inabana" ukiikosa utatoka nje.

Kwenye mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuchagua asome mapema au kwa kuchelewa. Weka mapema, maana anayesoma kwa kuchelewa anakulazimisha kuamua ndani ya kona. Kisha pita mkondo mmoja mfupi mara tano kwa theluthi mbili ya kasi yako, ukirudia kila noti kwa mdomo. Wafanyao hivyo nyumbani huonekana vichaa, lakini mara ya tano sauti hiyo haikusumbui tena. Timu halisi zenyewe huruhusiwa kupita kila mkondo mara mbili tu kabla ya mashindano: ya kwanza kuandika, ya pili kusahihisha.

Nipeni mpangilio wa gari kwa mikondo ya Kenya. Kila nikifika nusu ya mkondo napata pancha au shokapu zinakufa.
Msomaji, Kampala

Mpangilio mmoja unaofaa magari yote haupo, ila mwelekeo upo.

Urefu wa gari kutoka chini: pandisha hadi karibu na kikomo. Unapoteza uthabiti kidogo kwenye kona za kasi, unapata tumbo lisilogonga mawe. Springi zilegezwe hatua mbili tatu kutoka pale zilipowekwa, na fito za kuzuia gari kulalia upande zilegezwe pia, ili gurudumu moja likikanyaga jiwe lisilinyanyue la pili. Kwenye shokapu kuna pande mbili ambazo watu huzichanganya. Mjongeo wa haraka ni jiwe na bonde: legeza. Mjongeo wa polepole ni gari kutua na kuinama kwenye breki: kaza kidogo, lisikae chini. Upande wa kurudi usiukaze sana. Ukiukaza, gurudumu linalopanda kwenye bonde la kwanza halijarudi chini la pili linapofika, na baada ya mabonde manne gari linatembea limekaa kitako. Hapo ndipo shokapu zako zinapofia, wala si kwenye jiwe.

Difu, inayogawa nguvu kati ya magurudumu: punguza ufungaji wakati wa breki ili pua iingie, uache ule wa wakati wa mafuta ubaki wa wastani. Mgawanyo wa breki usogeze nyuma asilimia moja au mbili, si zaidi. Tairi chagua ngumu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pita kipande kilekile cha barabara, andika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuumiza.

Lakini pancha haiondoki kwa mpangilio. Inatokana na kukata kona kwa ndani, ambako magari yaliyotangulia yamefukua mawe, na mchezo umeliiga hilo vizuri. Acha upana wa tairi moja kila kona ya ndani. Sekunde utakazopoteza ni chache. Kubadilisha gurudumu kwenye rali halisi hula kama dakika mbili, na mwaka 2022 Ogier alizilipa dakika hizo Kedong, mkondo wa zaidi ya kilomita 30.

Huko Kedong kuna na ile mchanga laini kama unga ambayo madereva huiita feshifeshi. Mwaka 2021 Kalle Rovanperä alikwama humo, siku yake ikaishia hapo. Ukiiona mbele yako mchezoni, ingia na mwendo, gia moja juu ya ile unayoitamani, usukani umenyooka, mafuta yasikatike. Ukisimama au ukikata kona kali ndani yake, magurudumu yanajichimbia kaburi. Mwaka uliofuata Rovanperä huyohuyo akashinda.

Na kama unaongoza, kumbuka siku ya mwisho ya 2021. Thierry Neuville aliianza akiwa mbele kwa karibu dakika nzima, shokapu ya nyuma ikamfia mkondo wa Loldia, rali ikaishia hapo. Tangu zamani Safari inampenda anayelitunza gari. Shekhar Mehta aliishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ambazo hazikuwa na nguvu kuliko zote barabarani.

Nimenunua usukani wa Logitech G27 wa mtumba. Unafanya kazi kwenye kompyuta, lakini baada ya dakika kumi katikati yake inahama. Ukiunyoosha, gari linakwenda kulia. Breki nayo inajigusa yenyewe. Nimepigwa?
Msomaji, Mombasa

Hujapigwa, umeuziwa ugonjwa unaojulikana. Ndani, kwenye shafti ya mota, kuna kisahani kidogo cha plastiki chenye mianya myembamba. Macho ya umeme huhesabu mianya hiyo kujua usukani uko wapi. Shingo ya kisahani hupasuka kwa uzee, kikaanza kuteleza kwenye shafti kila unapougeuza kwa nguvu. Usukani unapoteza hesabu, katikati inahama.

Chomoa umeme na waya wa kompyuta. Ugeuze chini juu, fungua skrubu za tumboni kwa bisibisi ya nyota, uziweke kwenye kikombe kwa mpangilio, maana urefu wake haulingani. Ukitoa kifuniko utaiona mota, na kisahani nyuma yake. Kikague kwa tochi: ufa ukiwepo utauona kwenye shingo. Dawa ya kudumu ni kisahani cha chuma cha kubadilishia, kinauzwa mtandaoni kwa jina la usukani huo. Dawa ya muda ni tone moja la gundi kali kwenye shingo, kwa ncha ya pini. Gundi ikigusa mianya umemaliza mchezo, kwa hiyo kama mkono unatetemeka subiri chuma.

Breki inayojigusa ni uchafu kwenye kipimo cha pedeli. Fungua sanduku la pedeli, puliza dawa ya kusafishia viungio vya umeme ndani ya kipimo, kanyaga pedeli mara thelathini, acha ikauke saa moja. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba. Yananasa vumbi na mwezi ujao utarudi palepale.

Baadaye weka mzunguko kuwa nyuzi 540 badala ya 900, inatosha kwa rali na mikono haitafungana. Nguvu ya mrejesho, yaani msukumo ambao usukani unaurudisha mikononi, ipunguze hadi asilimia 70 hivi. Ikiwa juu kabisa gia za ndani zinapiga kelele, mota inachemka, na mawe yote ya barabarani yanakuwa jiwe moja. Usukani ukiwa umelegea kabisa kama wa gari la kuchezea, kagua adapta ya volti 24, bila hiyo usukani huonekana kwenye kompyuta lakini haurudishi nguvu. Na usidanganywe na anayesema utauchomeka moja kwa moja kwenye PlayStation 4 au 5. G27 ni wa kompyuta na PlayStation 3.

Sina kompyuta ya maana, nina laptop ya shule na simu. Nicheze rali gani?
Msomaji, Morogoro

Simu: Rush Rally 3. Unakubali pedi ya bluetooth, na bila pedi weka usukani wa vitufe viwili badala ya kuinamisha simu, maana mkono unachoka kabla ya rali kwisha. Laptop: Richard Burns Rally, umri wake mkubwa ndio unaoufanya uwe mwepesi. Ulitoka na nchi sita bila Kenya, lakini mashabiki wameuendeleza kupitia kifurushi cha RallySimFans, wakaongeza mikondo na magari mengi na kubadilisha namna gari linavyoshika barabara. Ni mgumu kuliko michezo yote tuliyoitaja hapa. Siku ya kwanza hutafika mwisho wa mkondo wowote, na si kosa la laptop.

Michezo mipya usijaribu. Hata kompyuta zenye nguvu hukwamakwama kwenye EA Sports WRC, hasa mara ya kwanza kufungua mkondo. Walio nayo wapunguze ubora wa vivuli na mimea kwanza, waache umbali wa kuona.